Maradhi ya Tumbo: Ifakara Ina la Kutufundisha

Hapana shaka kwamba miongoni mwa maradhi yanayowasumbua wananchi, yale yanayojificha ndani ya tumbo ndiyo magumu kuliko mengine kuyatambua. Jeraha la mguu huonekana kwa macho, na kifua kibovu hujitangaza chenyewe kwa kikohozi. Lakini uvimbe ulioota katika ini, au tezi zilizovimba nyuma ya utumbo karibu na uti wa mgongo, waweza kukaa miezi mingi huku mgonjwa akiambiwa leo kwamba ana vidonda vya tumbo, kesho kwamba ana minyoo, na keshokutwa akanong'onezwa na jirani kwamba ana mkono wa mtu. Siku uvimbe huo utakapoweza kushikwa kwa mkono, mara nyingi wakati wa kuutibu huwa umekwisha kupungua sana.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu ipo njia ya kulipatia jawabu, na njia yenyewe si ya matajiri peke yao. Nayo ni kuchukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwa sindano, daktari akiiona sindano hiyo katika picha tangu inapopenya ngozi hadi inapofika mahali palipokusudiwa. Tunazungumza na wananchi wa Unguja na Pemba, na zaidi tunazungumza na viongozi na watendaji wa Serikali wenye dhamana ya kupanga fedha za afya. Mfano tutakaoutumia hatukuufuata Ulaya. Tumeupata Ifakara, katika Bonde la Kilombero.

Huenda msomaji akauliza: Ifakara na visiwa, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Ifakara iko bara kabisa, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, nchi ya mpunga na miwa chini ya milima ya Udzungwa. Hata hivyo, mtu wa Pemba akifika huko wakati wa masika hatajiona mgeni sana. Mto Kilombero unapofurika, vijiji huzungukwa na maji na mtumbwi hugeuka kuwa ndiyo njia. Kwa miaka mingi aliyetoka upande wa Mahenge kumpeleka mgonjwa wake Ifakara alikuwa akingoja kivuko, kama sisi tunavyongoja boti. Na mwezi Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka mtoni. Adha hiyo iliondoka mwaka 2018, lilipofunguliwa daraja la mita 384. Kwa hiyo tunaowazungumzia ni watu wanaojua maana ya kuwa na mgonjwa ng'ambo moja na daktari ng'ambo ya pili.

Tena bonde lile na visiwa hivi vina historia moja katika jambo hili hili la picha. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha Ifakara maabara ndogo ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto, na maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Uswisi na wenzao wa Tanzania walichukua mashine za ultrasaundi wakaenda nazo vijijini kutazama madhara ya kichocho, Pemba na huko kusini-mashariki mwa Tanzania Bara. Watoto walilazwa kitandani, wakapakwa ule ute wa baridi tumboni, na kibofu kilichoharibiwa na kichocho kikaonekana bila ya kisu wala maumivu. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Tunalikumbusha hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo hata leo wanaodhani kwamba ultrasaundi ni chombo cha kuwatazamia waja wazito tu, na kwamba mwanamume mwenye tumbo lililojaa hana shughuli nacho.

Sasa yafaa tuseme chombo hicho kinaweza nini na hakiwezi nini. Ultrasaundi hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kisha hupokea mwangwi wake na kuugeuza kuwa picha. Haina mionzi. Huonyesha kwamba ndani pana kitu, ukubwa wake na mahali kilipo, kama ni maji au ni nyama tupu, na kama mishipa mikubwa ya damu inapita karibu. Hayo ni mengi. Lakini jina la ugonjwa, aghalabu, picha hailijui. Wengu uliojaa madoa madogo meusi waweza kuwa una kifua kikuu, kwani kifua kikuu, licha ya jina lake, hakikai kifuani peke yake. Waweza pia kuwa na limfoma, ambayo ni saratani ya tezi. Tezi zilizovimba ndani ya tumbo ni vivyo hivyo. Katika picha maradhi haya mawili hufanana kama mapacha, na kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI yote mawili huwa yanamvizia.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mwenye limfoma akianzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisiwa, hupoteza miezi ambayo hakuwa nayo. Na mwenye kifua kikuu akiambiwa kwamba hiyo ni saratani, jamaa zake humrudisha nyumbani akafe kwa ugonjwa ambao kwa kawaida hupona kwa vidonge vya miezi sita. Hatudhani kwamba kuna mtumishi wa afya anayefanya hivyo kwa kupenda. Hukisia kwa sababu hana cha kumthibitishia.

Wataalamu wa Ifakara wamelishughulikia suala hili kwa bidii. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis, wakishirikiana na Taasisi ya Afya na wenzao wa Uswisi, waliwapima kwa ultrasaundi watu wazima walioshukiwa kuwa na kifua kikuu, wakitazama maji yaliyozunguka moyo na mapafu, maji ya tumboni, tezi za tumbo, ini na wengu. Na mwaka 2019 wakayachapisha matokeo yao. Tulilolipenda katika kazi hiyo ni kwamba picha ilipewa kazi inayoiweza. Ilitazamwa kama chombo cha kuondolea shaka, yaani pale dalili zinapokosekana kila mahali, tabibu apate sababu ya kufikiria ugonjwa mwingine. Hospitali iliyo mbali na jiji, kando ya mto unaofurika kila mwaka, imekwisha kuwazoeza matabibu wake kuingiza tumbo zima katika picha. Kutoka hapo hadi kwenye sindano imebaki hatua moja, na hatua hiyo ndiyo tunayotaka visiwa vyetu viipige.

Kuchoma ini kwa sindano si jambo la jana. Paul Ehrlich wa Ujerumani alilifanya mwaka 1883, na mwaka 1958 Menghini wa Italia akaeleza jinsi ya kulimaliza kwa muda wa sekunde moja. Lakini hao walichoma kwa kukadiria, wakihesabu mbavu na kugonga kwa vidole. Kukadiria kulitosha ikiwa ugonjwa umeenea katika ini zima. Hakukutosha hata kidogo ikiwa kinachotafutwa ni uvimbe wa ukubwa wa ndimu uliojificha pembeni mwa ini. Ni mwaka 1972 ambapo Holm na wenzake wa Copenhagen, na wengine huko Marekani, walieleza namna ya kuiongoza sindano kwa ultrasaundi; na baada ya kupatikana mashine ya CT, mwaka 1976 madaktari wa Marekani wakaonyesha kwamba hata hiyo yaweza kuiongoza sindano ndani ya tumbo. Kwa hiyo tunachokiomba kina umri wa zaidi ya miaka 50.

Tunaona ni vyema wananchi waelezwe kinachofanyika, maana hofu nyingi huzaliwa na kutojua. Kwanza mgonjwa hupimwa damu yake kama inaganda sawasawa, na huulizwa kama anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Huelezwa, naye huridhia. Hulala, daktari humtazama kwa ultrasaundi na kuchagua njia isiyopita juu ya utumbo wala mshipa mkubwa. Ngozi husafishwa, hutiwa ganzi, na mgonjwa hutakiwa azuie pumzi kidogo, kwa kuwa ini hupanda na kushuka kila tunapovuta pumzi. Sindano huonekana katika kioo cha mashine kama mstari mweupe unaong'ara ukisogea kuelekea kwenye uvimbe. Ikifika, kifyatuo huachiwa, mlio wake husikika, na kipande kinachotoka ni chembamba kama uzi wa tambi, urefu wake hauzidi sana ncha ya kidole. Huchukuliwa viwili au vitatu. Baada ya hapo mgonjwa hubaki amelala kwa saa kadhaa, akipimwa mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwani kama damu inavuja ndani, mapigo ndiyo hutoa habari mwanzo.

Je, hakuna hatari? Ipo, na si uungwana kuificha. Kuvuja damu kwa kiasi cha kuhitaji matibabu hutokea kwa idadi iliyo chini ya mtu mmoja katika kila mia wanaochomwa ini. Hiyo ndiyo sababu hatupendekezi kazi hii ifanywe katika kila kituo cha afya. Pasipo na damu ya kuongezea, wala daktari wa upasuaji wa kumkimbilia, sindano na ikae katika pakiti yake.

Ipo pia hofu nyingine ambayo tumeisikia mijini na mashamba, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika na kusambaa. Hofu hii haina budi ijibiwe kwa heshima, maana ndani yake mna chembe ya kweli. Chembechembe za saratani zimewahi kuonekana zikifuata njia iliyopita sindano. Lakini hilo hutokea kwa nadra, na daktari mjuzi anazijua aina za uvimbe zinazohitaji tahadhari. Kwa mfano, saratani iliyoota juu ya ini lenye makovu mara nyingi yaweza kutambuliwa kwa CT yenye dawa maalumu, bila ya kuchomwa. Wanaosambaa na kufa kwa wingi ni wale ambao uvimbe wao haukuguswa na mtu yeyote, kwa kuwa hawakufika hospitali, au walifika na hapakuwa na wa kuwagusa.

Katika habari hii ya tahadhari, majirani zetu wa Kenya wana kisa kinachostahili kusimuliwa. Huko Turkana, ambako watu na mbwa huishi karibu sana, mnyoo mmoja wa mbwa huingia kwa binadamu na kuota katika ini kama mfuko wa maji. Eneo hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoathirika zaidi duniani. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilikataza kabisa kuuchoma mfuko huo, kwa kuwa maji yake yakimwagika ndani yaweza kumletea mgonjwa mshituko wa kumwua, au kupanda mifuko mingine mipya. Katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilipeleka ultrasaundi kwa wafugaji hao, na mifuko ikawa inatambuliwa ingali midogo. Katika muongo huo huo madaktari wa Tunisia wakaeleza njia ya kuuchoma mfuko wenyewe chini ya picha, kuyanyonya maji, kuingiza dawa ya kuua vijidudu vya mnyoo na kuinyonya tena, mgonjwa akiwa amekingwa kwa vidonge. Kitu kilichokuwa mwiko kikawa tiba. Kilichobadilika ni kwamba daktari alikuwa anaona anachokifanya, na alikuwa amejiandaa.

Turudi kwetu. Tukubali kwamba picha ipo na sindano ipo. Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kile kipande cha nyama hakijasema lolote. Lazima kifike kwa mtaalamu wa patholojia, akikate vipande vyembamba kuliko karatasi, akitie rangi, akitazame kwa hadubini, na aandike jina la ugonjwa. Na hapa pana jambo dogo ambalo limeharibu majibu mengi. Kipande kinachokwenda kwa mtaalamu wa patholojia hutiwa katika formalini ili kisioze. Lakini formalini huua kila kilicho hai, na bakteria wa kifua kikuu akishauawa hawezi tena kuoteshwa maabara. Na hata mashine ya Jinieksipati, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, inahitaji kipande au usaha ambao haukutiwa dawa hiyo. Kwa hiyo penye shaka ya kifua kikuu, chupa ni mbili: moja yenye formalini, na moja safi yenye maji ya chumvi kidogo. Muuguzi akilijua hilo kabla ya sindano kuchomwa, mgonjwa hatachomwa mara ya pili. Asipolijua, mashine ya mamilioni haitamsaidia.

Tumelieleza hili kwa sababu katika mipango ya afya tumezoea kupenda vitu vinavyopigwa picha siku ya uzinduzi. Mashine kubwa hufunguliwa kwa utepe. Chupa ya formalini haifunguliwi na mgeni rasmi. Lakini kama chupa imekosekana, au lebo imeandikwa kwa wino uliofutika, au kifurushi kimekaa wiki mbili juu ya meza kwa kuwa hakuna aliyeambiwa akipeleke bandarini, basi mashine yote imefanya kazi bure, na mgonjwa amebeba hatari ya sindano pasipo kupata faida yake.

Wataalamu je, watatoka wapi? Kwa hili hatuna haja ya kukata tamaa. Hadi kufikia mwaka 2018 Tanzania haikuwa na mpango wa kuwafundisha madaktari kazi ya kutibu na kuchukua vipimo kwa kuongozwa na picha. Mwaka huo timu za madaktari, wauguzi na mafundi wa picha zikaanza kufika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa zamu, zikiongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, zikafundisha papo hapo kitandani kwa mgonjwa. Na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili katika fani hiyo. Wahitimu wake wapo na wanafanya kazi. Pale ambapo zamani mgonjwa alipasuliwa tumbo zima ili tu ijulikane ana nini, siku hizi aweza kuingia asubuhi na kutoka jioni. Wanafunzi wa Visiwani na wapelekwe huko, tena wasiwe daktari mmoja peke yake. Daktari akirudi bila muuguzi aliyefunzwa naye, bila fundi wa maabara anayeijua kazi hiyo, atarudia kuandika rufaa kama zamani.

Hapa tunapenda kuwaambia viongozi wetu jambo ambalo pengine halipendezi. Afya si jambo la Muungano. Kila Serikali ina wizara yake, bajeti yake na utaratibu wake. Hilo ni sawa, na lina faida zake. Lakini kipande cha nyama cha mgonjwa hakijui mipaka ya wizara. Ikiwa mtaalamu aliye karibu na mwenye nafasi yuko Dar es Salaam, kipande na kiende Dar es Salaam kwa makubaliano yaliyoandikwa, yanayotaja nani anapokea, kwa siku ngapi jibu litoke, na linarudi kwa nani. Utaratibu wa kujuana, wa daktari kumpigia simu rafiki aliyesoma naye ili amfanyie hisani, umewaokoa wagonjwa wengi na tunawashukuru wote wanaoufanya. Hata hivyo, rafiki huhamishwa, huenda likizo, hustaafu.

Vivyo hivyo kwa upande wa malipo. Bara imepitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Visiwani nako jambo la mfuko wa huduma za afya si geni tena. Tunashauri kwamba kazi hii ihesabiwe kuwa huduma moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kipimo cha damu, picha, sindano, chupa, usafiri wa kipande, na jibu la mtaalamu. Ikigawanywa, mgonjwa atalipiwa picha na kuachiwa jibu alilipie mwenyewe, na wengi wataishia kwenye picha.

Mtu wa Bonde la Kilombero hakungoja Ifakara igeuke kuwa Dar es Salaam ndipo apimwe tumbo lake. Watu wa huko walianza na mashine waliyokuwa nayo, wakaandika walichokiona, wakakilinganisha na majibu ya maabara, wakaendelea. Pemba inayo hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani, iliyofunguliwa upya mwaka 2016, na tangu mwaka 2000 ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri kule Wawi. Unguja ina Mnazi Mmoja. Kwa maoni yetu, kazi na ianze katika hospitali moja tu kwa kila kisiwa, kwa siku moja maalumu ya wiki, wagonjwa wachache, daftari moja. Katika daftari hilo kila jina liandikiwe tarehe ya sindano na tarehe jibu lilipofika, na daftari likaguliwe na mkuu wa hospitali kila mwisho wa mwezi. Pale ambapo safu ya pili ya tarehe ni tupu, aulizwe mtu kwa jina.

Na nauli ya chupa kutoka Mkoani hadi mjini ni ndogo mno ikilinganishwa na nauli ya mgonjwa, mtu wake wa kumshika mkono, na siku zao za kukaa kwa jamaa wakingoja. Fungu la kuilipia liwekwe katika makadirio yajayo ya Wizara, na lipewe jina lake lenyewe, lisifichwe ndani ya matumizi mengineyo.